Kumfuata Askofu Mhasibu: Salisbury, Sherborne, Devizes na Malmesbury

Wahasibu hatuna watakatifu wengi wa kwenda kuhiji kwao, na Roger wa Salisbury hakuwa mtakatifu hata kidogo. Alianza kama padri wa kanisa dogo karibu na Caen, Normandy. Akaingia katika nyumba ya Henry, mwana wa mfalme, akawa kansela mwaka 1101, akateuliwa askofu mwaka 1102, na kwa miaka mingi iliyofuata ndiye aliyeshika fedha na utawala wa Uingereza chini ya Mfalme Henry I. Alikufa Desemba 1139 akiwa amenyang'anywa karibu kila alichojenga.

Likizo yangu ya Mei 2025 niliimalizia kwa dada yangu, Reading. Mwanawe, mwanafunzi wa chuo, hakuwa na vipindi wiki hiyo, akakubali kufuatana na mjomba wake. Haya nayaandika nikiwa nimerudi Dodoma, kwa msaada wa daftari na picha za simu. Pauni moja wakati huo ilikuwa kama shilingi 3,500 za Tanzania.

Jumanne, 13 Mei: Reading hadi Salisbury

Kabla ya treni tulipita kwenye magofu ya abasia ya Reading, mwendo mfupi kutoka stesheni, bila kiingilio. Henry I aliianzisha mwaka 1121 na akazikwa hapo Januari 1136. Alifia Normandy Desemba mosi 1135, na wanahistoria wa enzi hizo wanasema ni kwa sababu ya kula lampri, samaki mwembamba anayefanana na mkunga, ambaye daktari wake alikuwa amemkataza. Kilichobaki ni kuta nene za mawe madogo yaliyochongoka, zimevuliwa mawe yote mazuri ya nje. Mpwa wangu alizunguka mara moja akauliza, "Mjomba, kwa hiyo huyu ndiye bosi?" Ndiye.

Inasimuliwa, na mwandishi aliyeishi baadaye kidogo katika karne hiyohiyo, kwamba Henry alipokuwa bado kijana bila ufalme aliingia na askari wake katika kanisa la Roger na kuomba misa. Roger aliisoma kwa kasi hata askari wakasema hakuna padri anayewafaa zaidi ya huyu. Akaambiwa, nifuate. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, ila simulizi hiyo ilitungwa na watu waliomjua Roger ni mtu wa namna gani.

Treni: tulibadilisha Basingstoke. Mkisafiri wawili nunueni kadi ya punguzo ya watu wawili. Inakata theluthi ya nauli, lakini siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, na lazima nyote wawili muwe safarini. Nyingine ya bure: plagi za Uingereza ni zilezile za kwetu, usibebe adapta.

Chakula cha jioni Salisbury kilikuwa pai ya kuku na chipsi, pauni 16 kwa sahani. Nilijizuia kuzidisha mara 3,500.

Jumatano, 14 Mei: kanisa kuu na mji wa zamani

Kanisa kuu la Salisbury unalosikia habari zake, lenye mnara wa mita 123, Roger hakuwahi kuliona. Ujenzi wake ulianza mwaka 1220, miaka zaidi ya themanini baada ya kifo chake. Kiingilio kinazidi pauni 10 na ni rahisi kidogo ukilipia mtandaoni mapema. Ndani kuna nakala moja kati ya nne zilizosalia za Magna Carta ya mwaka 1215, na saa ya chuma isiyo na uso, ya karibu mwaka 1386. Watu wengi walikuwa wamejazana huko.

Sisi tulimtafuta mzee mmoja wa kujitolea aliyevaa utepe wa waelekezaji, tukamwambia tunamtaka askofu Roger. Alishangaa, kisha uso ukamchanua. Akatupeleka pembeni mwa ukumbi mkuu, penye mabamba ya makaburi ya maaskofu yaliyohamishiwa hapa mwaka 1226 kutoka kanisa la zamani. Bamba moja la jiwe jeusi, lenye askofu aliyechongwa akiwa na fimbo yake, ndilo linalohesabiwa kuwa la Roger. Wataalamu wamebishana muda mrefu lipi lake na lipi la Jocelin, askofu aliyemfuata. Mzee yule alitumia nusu saa nzima nasi, akakataa hata tulipotaka kumnunulia chai. "Nilikuwa benki miaka yangu yote," alisema, "na hakuna mgeni aliyewahi kuniulizia mhasibu."

Mchana tulikaa kwenye nyasi nje ya kanisa kula mikate tuliyonunua dukani. Mpwa alitaka kujua hasa Roger alifanya nini, maana "kusimamia fedha" ni maneno tu. Nilikuwa na shuka la Kimasai nililomletea mama yake, tukalitandika, na somo likafanyika juu yake.

Mara mbili kwa mwaka, Pasaka na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwezi Septemba, masherifu, yaani wakuu wa majimbo waliomkusanyia mfalme mapato, waliitwa mbele ya meza ya urefu wa kama futi kumi na upana wa futi tano. Mezani palitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, kama lile shuka letu la miraba. Kila safu ilikuwa na thamani yake: peni, shilingi, pauni, ishirini za pauni, mamia, maelfu. Upande mmoja waliweka vihesabio vya kiasi anachodaiwa sherifu, upande mwingine alichokwisha kuleta. Hakuna haja ya kujua kusoma, wala Kilatini. Sherifu aliona kwa macho yake deni likipungua au likigoma kupungua, na mabwana wakuu wa ufalme wamekaa wakitazama.

Stakabadhi ilikuwa kijiti. Kilichanjwa: mchanjo wa upana wa kiganja ni pauni elfu moja, wa kidole gumba ni pauni mia, wa kidole cha mwisho ni ishirini, na wa punje ya shayiri ni pauni moja. Kisha kijiti kikapasuliwa kwa urefu, nusu kwa mlipaji na nusu kwa Hazina. Ukighushi nusu yako, haikubaliani na mwenzake. Vijiti hivyo vilitumika karne nyingi, na vilipoamriwa vichomwe Oktoba 1834, moto wake uliteketeza jengo la Bunge la Westminster. Mpwa alicheka sana hapo. Waziri wa fedha wa Uingereza mpaka leo anabeba jina la meza ile ya miraba: Chancellor of the Exchequer.

Mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi alitusogelea kuuliza ni mchezo gani tunaocheza kwa sarafu. Nilipomweleza, alikaa nasi, akafungua kopo la biskuti za siagi, na vihesabio vya mamia vikawa biskuti.

Hesabu za mwaka zilizoishia Septemba 1130 bado zipo, zimeandikwa kwenye ngozi, na ndizo za kale kabisa za namna hiyo zilizobaki. Kwa mimi ninayeishi kwa kuogopa wakaguzi, kujua kwamba naweza kuona deni la sherifu wa mwaka 1130 kunanipa ubaridi wa mgongoni.

Alasiri tulipanda basi kwenda Old Sarum, kama kilomita tatu kaskazini. Mwaka huo wa 2025 nauli ya basi moja kwa mabasi mengi ya Uingereza haikuzidi pauni 3 hata liende mbali, kwa hiyo kwa safari ndefu ilikuwa neema. Old Sarum ni kilima kilichozungushiwa mahandaki ya kale kuliko Warumi. Juu yake palikuwa na ngome ya mfalme na kanisa kuu, jirani kabisa. Kanisa lilitabarukiwa mwaka 1092, na siku chache baadaye dhoruba ikaliharibu. Roger ndiye aliyelipanua kwa fahari, na ngome nayo akakabidhiwa. Mchana mtumishi wa Mungu, usiku mwenye funguo za ngome. Leo ramani ya kanisa imechorwa kwa mawe chini kwenye nyasi, unatembea juu yake kama unakagua msingi wa nyumba ya jirani. Upepo unapiga bila huruma, mtu wa Dodoma nikajisikia nyumbani. Mapadri walilalamikia upepo huohuo, uhaba wa maji na askari wa ngome, mpaka wakahamia bondeni.

Beba koti, hata jua likiwaka.

Alhamisi, 15 Mei: Sherborne

Treni ya asubuhi kuelekea magharibi ilichelewa dakika hamsini. Njia ile ina sehemu za reli moja tu, treni moja ikikwama na nyingine inasubiri. Ukicheleweshwa robo saa au zaidi unaweza kudai sehemu ya nauli yako mtandaoni, kwa hiyo tunza tiketi na upige picha ubao wa ratiba. Mfanyakazi wa stesheni, dada mmoja mwenye tabasamu, alituruhusu tukae kwenye chumba chenye joto kisha akatuchorea ramani ya Sherborne nyuma ya karatasi.

Ngome kongwe ya Sherborne iko mashariki ya mji, mwendo wa kutosha kwa miguu. Usiichanganye na jumba jipya ng'ambo ya ziwa, alilolijenga Walter Raleigh miaka ya 1590 alipoona magofu ya askofu hayakaliki vizuri. Ngome yenyewe ilimalizwa na baruti ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1645. Tulikuwa peke yetu na kunguru.

Hapa ndipo nilipoanza kumkasirikia Roger. Mnara, ua wa pande nne wenye vyumba kuuzunguka, lango kubwa, matao yaliyofumwa kwa ustadi. Hii ilikuwa nyumba ya kukaa mfalme, na imejengwa na mtumishi wa mfalme. Na si moja. Alikuwa na Devizes, akajenga Malmesbury, na Old Sarum ilikuwa mkononi mwake. Hesabu za masherifu wote zilipita mezani kwake. Za kwake zilipita wapi?

Tulikaa kivulini mpwa akihesabu ndugu. Alexander, mpwa wa Roger: askofu wa Lincoln, 1123. Nigel, mpwa mwingine: mtunza hazina wa mfalme, kisha askofu wa Ely, 1133. Roger mdogo, mtoto wa Roger mwenyewe: kansela wa mfalme aliyefuata. Mama wa mtoto huyo, kwa maelezo ya wakati ule, ni Matilda wa Ramsbury, aliyeishi na askofu. Kwetu hiyo tunaiita undugunaizesheni, na hati yake isingekuwa safi.

"Mjomba," mpwa akasema, "mimi Ely inanitosha."

Lazima niseme upande wa pili. Wapwa wale hawakuwa mbumbumbu. Alisomeshwa Alexander, alisomeshwa Nigel, na baada ya vita vya kugombea kiti vilivyofuata kifo cha Henry I, ni Nigel aliyeitwa kuijenga upya ile meza iliyovurugika, na mtoto wa Nigel, Richard, ndiye aliyeandika kitabu kinachoeleza vijiti na kitambaa. Bila undugu ule nisingekuwa na cha kumfundishia mpwa juu ya shuka.

Kuna jambo jingine silifichi. Mwishoni mwa 1124 sarafu za Uingereza zilikuwa mbovu kiasi cha kukataliwa sokoni. Henry alikuwa Normandy, akatuma amri. Roger akawaita wafua sarafu wote Winchester wakati wa Krismasi, na mmoja baada ya mwingine wakakatwa mkono wa kulia na kuhasiwa. Ukisoma barua za kusifu uhodari wake wa kutawala mfalme akiwa ng'ambo, kumbuka na Krismasi hiyo.

Kurudi Salisbury hakukuwa na cha kusimulia.

Ijumaa, 16 Mei: Devizes

Devizes haina stesheni tangu miaka ya 1960. Basi kutoka Salisbury linakata nyanda za juu zenye alama za kuonya kuhusu vifaru vya jeshi kuvuka barabara, na nyasi mpaka upeo wa macho. Dereva alipojua tunakoenda alituambia tukae upande wa kushoto tuone vizuri zaidi.

Tahadhari: ngome ya Roger ya Devizes haipo tena. Juu ya kilima chake kuna ngome ya kuigiza ya karne ya 19, nayo ni nyumba za watu, huingii. Utakachoona ni mitaa inayozunguka kwa kupinda, kwa kufuata mahandaki yake, na makanisa mawili ya wakati wake, St John na St Mary. St John ilikuwa imefungwa. Bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia maua makaburini alisema subirini, akaenda, akarudi na mwenye ufunguo, mwanamume aliyekatiza chakula chake cha mchana na bado alikuwa anatafuna. Sehemu ya altare ina dari ya matao ya mawe na kuta zenye matao yanayopishana, kazi ya mafundi wa enzi ya Roger. Tuliachiwa humo peke yetu.

Habari yenyewe ya Devizes ni hii. Roger alikuwa ameapa Januari 1127, mbele ya Henry, kwamba binti wa mfalme, Matilda, ndiye atakayerithi. Henry alipokufa, Stephen, binamu wa Matilda, akawahi kiti, na Roger akamuunga mkono. Alijitetea kwamba alikula kiapo kwa sharti binti asiozwe nje ya nchi bila ushauri wa mabwana. Stephen akampa kila alichotaka. Lakini mfalme aliyewekwa na watu huwaogopa waliomweka. Walioonea wivu ngome zile wakamnong'oneza kwamba askofu anajiandaa kumpokea Matilda.

Juni 1139 kulikuwa na baraza Oxford. Watu wa maaskofu na watu wa Alan wa Brittany, mmoja wa mabwana wa Stephen, wakagombania vyumba vya kulala, ngumi zikawa mapanga, damu ikamwagika. Stephen akapata kisingizio. Roger akakamatwa, Alexander akakamatwa. Nigel alikuwa amelala nje ya mji, akapanda farasi kuja hapa Devizes, akafunga malango. Mfalme akaja na mateka wake. Askofu mzee, mtu wa pili katika ufalme, akawekwa zizini. Mwandishi mmoja wa wakati ule anasema mfalme aliapa kumnyima chakula mpaka ngome isalimu amri, mwingine anasema alifunga kwa hiari yake ili kumlainisha mpwa wake. Nigel hakulainika. Ndipo wakamleta Roger mdogo mbele ya kuta na kamba shingoni. Aliyeshika mnara mkuu alikuwa mama yake, Matilda wa Ramsbury. Akafungua.

Mpwa alinyamaza, halafu akauliza kwa nini Nigel hakujali mjomba wake anakaa zizini. Nikamwambia ndiyo maana simpi Ely.

Sokoni kuna msalaba wenye maandishi kuhusu Ruth Pierce. Januari 1753 yeye na wenzake walichanga kununua gunia la ngano. Pesa zikapungua, yeye akasema amelipa fungu lake, na kama anasema uongo basi afe palepale. Akaanguka akafa, na sarafu zikakutwa mkononi mwake. Mji wa mtunza hazina una mnara wa kumbukumbu wa upotevu wa michango.

Kula: mkate wa tabaka wa eneo hili, mtamu, unaonata vidole, pauni 3 na ushee kwa kipande kikubwa. Umekandwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula nguruwe aulize kwanza. Tulilala hapohapo Devizes. Chumba cha juu ya baa ni rahisi kuliko hoteli, ila Ijumaa usiku muziki unapanda na ngazi.

Jumamosi, 17 Mei: Malmesbury

Basi hadi Chippenham, basi jingine hadi Malmesbury. Usifanye njia hii Jumapili. Mabasi ya vijijini siku hiyo ni machache au hayapo.

Malmesbury iko juu ya kilima kilichokumbatiwa na mto. Roger aliishika abasia yake kama mali yake kuanzia 1118, na akajenga ngome karibu kabisa na kanisa, watawa wakichukia. Mmoja wa watawa hao alikuwa William, mwanahistoria aliyemjua Roger kwa macho yake. Ndiye aliyemsikia mara nyingi akijitetea kuhusu kiapo. Ndiye pia anayesema mawe ya majengo ya Roger yalipangwa kwa usahihi mpaka ungedhani ukuta mzima ni jiwe moja. William hakumpenda, lakini anamsifu fundi.

Ngome ya Malmesbury mwaka 1216 Mfalme John aliwaruhusu watawa waibomoe, na waliibomoa kwelikweli. Ukumbi wa kanisa upo na bado unasaliwa, na tao la lango la kusini, lenye picha za Biblia zilizochongwa safu kwa safu, lilitupotezea saa nzima. Kwenye makaburi ya nje mpwa aligundua jiwe la Hannah Twynnoy, mtumishi wa baa aliyeuawa na chui milia mwaka 1703. Chui milia, Wiltshire! Nimewatumia wenzangu ofisini picha, hakuna anayeamini.

William ndiye anayetuambia mwisho. Baada ya Devizes kusalimu amri, ngome zote zikaenda kwa mfalme. Agosti baraza la kanisa Winchester lilijaribu kumshtaki Stephen kwa kuwakamata maaskofu, likaishia hewani. Roger akarudi Salisbury na homa. Fedha na vyombo alivyobakiwa navyo aliviweka juu ya altare ili kanisa limaliziwe. Vikachukuliwa, yeye bado hai, bila ridhaa yake. Mpwa aliuliza kama walimwachia kijiti.

Treni ya Chippenham kwenda Reading ni ya moja kwa moja na hupita mara kwa mara. Kwa watu wawili, treni, mabasi, vyumba, viingilio na chakula vilifika karibu pauni 600, na vyumba peke yake vilichukua zaidi ya nusu. Anayetaka kupunguza alale Salisbury siku zote. Devizes na Sherborne zinaendeka na kurudi siku hiyohiyo, Malmesbury ndiyo haiendeki. Risiti zote anazo mpwa, isipokuwa ya muziki wa Ijumaa.